Mama Chokaa na Mapipa Yaliyo Nyuma ya Jiko

Ndugu zetu mliopata viti na ninyi mliosimama kwa kukosa viti, majirani, wafanyakazi wenzake wa chujio la maji, na ninyi wachache mliokuja kusikiliza kama tutasema au tutanyamaza, familia inawakaribisha wote na inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu, na kabla ya kusoma lolote inaomba jambo moja, vikombe na sahani zilizowekwa juu ya mapipa ya bluu nyuma ya jiko viondolewe sasa hivi na vioshwe kwa maji mengi, sababu yake tutaifikia.

Juzi walifika hapa nyumbani watu wawili kutoka ofisini kwake, wamevaa nguo za msiba na nyuso za msiba, wakanywa chai, wakatoa pole, kisha wakaiomba familia iseme katika historia hii kwamba marehemu alistaafu kwa hiari yake kutokana na hali ya afya, kwa kuwa, walivyosema, msiba si mahali pa kufukua mambo. Chai ilikuwa haki yao kama wageni, ombi lao tumelikataa, na lile shada la maua lililotumwa na kiwanda cha betri liko nje ya geti, hakuna aliyelisahau huko, limewekwa mahali tulipotaka likae.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Chokaa, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyokuwa kando ya kijito, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa fundi cherehani na mfua nguo, na anayewasomea haya ndiye aliyemfuata kuzaliwa. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na pini mdomoni, mama alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono iliyokunjamana kwa maji, na kwa kuwa mama alifua nguo za watu, katika nyumba ile maji yalikuwa jambo la kujadiliwa asubuhi kama watu wengine wanavyojadili hali ya hewa. Mama alipima maji kwa povu, alisugua kipande cha sabuni ndani ya bakuli, akatazama, akasema maji ya leo mazuri au maji ya leo yana kiburi, na binti yake akiwa bado hajaanza shule alichuchumaa pembeni akiuliza kiburi hicho kimo wapi mbona hakionekani. Mama akamwambia akikua atafute mwenyewe, na kwa bahati mbaya ya watu kadhaa waliopo hapa leo, alitafuta.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari, ambako alipenda chumba cha kemia kiasi kwamba aliunguza sketi yake ya shule kwa asidi, shimo mbele kabisa, na baba akashona mfuko juu ya shimo hilo, halafu kwa haki akashona na mwingine upande wa pili, hivyo kwa mwaka mzima alikuwa msichana pekee darasani mwenye sketi ya mifuko miwili. Alijiunga na chuo cha maji akahitimu stashahada ya kemia ya maji mwaka 1983, na miaka mingi baadaye, akiwa mama wa watoto wawili na mkuu wa watu, alirudi shule akapata shahada yake mwaka 2001, akifanya mtihani wa mwisho na miwani aliyoazima kwa mumewe kwa sababu yake aliikalia asubuhi hiyo.

Kuhusu kazi, aliajiriwa tarehe 1 Julai 1984 katika maabara ya chujio la maji la mji wetu, jengo lile la matofali lenye madirisha ya chuma juu ya matangi, akaanza kwa kuosha chupa za sampuli, akapanda hadi kuwa mpimaji, na mwaka 1997 akawa mkuu wa usafishaji, cheo alichokibeba kwa ukali na kwa utani mwingi. Aliwazoeza wasaidizi wake kunawa mikono kabla ya kwenda msalani na si baada tu, aliwakataza kula karanga maabara, na kila mgeni aliyeletwa kutembezwa alipewa glasi mbili, moja ya maji kabla ya kusafishwa na moja ya maji baada ya kusafishwa, akaulizwa ipi ni ipi, na wengi walikosea, naye alifurahia sana kuwaambia kwamba macho ni kifaa cha hovyo.

Kuhusu ndoa, alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na fundi wa pampu wa chujio lile lile, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, ambaye katika kipindi cha uchumba alikuwa akipanda maabara mara kwa mara na spana mkononi kukagua pampu, wakati maabara ile haina pampu wala haijawahi kuwa nayo. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1988 ambaye amerithi cherehani ya babu yake, na kijana aliyezaliwa mwaka 1992 ambaye ni dereva wa malori, na hadi anafariki marehemu alikuwa na wajukuu watatu, wote wanajua kunawa.

Sasa tunafika mahali ambapo wale wageni wetu wa juzi wangependa tugeuze ukurasa.

Mwaka 2006 kilifunguliwa upande wa juu wa kijito kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari, wapate risasi iliyomo ndani yake wakaiuze tena, na watu wengi wa mji huu walipata kazi pale, hatulikatai hilo, ila mwaka 2009 marehemu alipima maji ya kijito yanayoingia kwenye chujio akakuta risasi, ile metali nzito ya kijivu inayokaa kwenye damu ya mtoto na kumla akili polepole, wala haina rangi majini, haina harufu, haina ladha. Hakuamini kipimo chake, akarudia, akabadilisha chupa, akarudia, kisha akavaa viatu vya mpira akaupanda mkondo kwa miguu akichota sampuli kila penye kona, hadi akafika kwenye bomba linalotoka chini ya ukuta wa kiwanda, na pale hakuhitaji tena kurudia. Alipeleka majibu yake juu. Wakubwa wakakaa kikao, wakanywa soda, wakaamua kwamba kiwanda hakiwezi kufungwa kwa kuwa kinaajiri watu, ila maji yasafishwe, yaani mwenye kumwaga aendelee kumwaga na dada yetu aendelee kufuta.

Alifuta, na alifuta vizuri, hilo lisemwe wazi mbele ya watu hawa wote. Alijenga hatua ya chokaa, ambapo chokaa huingizwa katika maji kwa kipimo mpaka ile risasi isiyoonekana inajikusanya yenyewe, inakuwa chembe nyeupe, inazama chini ya tangi, na maji ya juu yanapita kwenye mchanga na kurekebishwa kabla ya kwenda bombani, na kufikia mwaka 2011 kipimo cha bombani kilikuwa kimeshuka hadi mahali ambapo mama anaweza kumkorogea mtoto uji bila kuogopa. Mji ulimshukuru kwa kulalamika. Birika zilipata ukoko, sabuni ikawa haitoi povu la kutosha, na mama yetu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akitangaza mtaani kwamba amesomesha mtoto ili aje kumharibia kazi ya kufua, na hapo ndipo jina la Mama Chokaa lilipotokea, kwanza kama kejeli, baadaye kama cheo.

Kila aliyempongeza alimjibu neno moja, nalo tunataka mlishike kwa sababu historia yote iliyobaki imesimama juu yake. Alisema, "Hatujaiondoa. Tumeihamisha tu." Risasi haiozi, haiungui, haizeeki, ilikuwa majini na sasa iko kwenye tope jeupe chini ya tangi, na tope hilo lazima lilale mahali ambapo halitaamka, kwa hiyo alisimamia mwenyewe uchimbaji wa shimo lenye zege na turubai nene chini, paa juu na kufuli mlangoni, akapigilia kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba tope hili ni sumu na lisitoke hapa.

Hapa inabidi wasiofanya kazi kwenye chujio waelezwe kitu kinachoitwa Ijumaa ya tope. Tangu enzi za wazee waliojenga matangi yale, kila Ijumaa baada ya kuosha tangi, wafanyakazi walibeba nyumbani gunia la tope la kijito kwa ajili ya bustani, lilikuwa tope zuri jeusi la kustawisha mboga, haki ya mfanyakazi ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyethubutu kuigusa, na marehemu mwenyewe ujanani alilibeba kichwani akiimba. Hatua ya chokaa ilipoanza aliipiga marufuku Ijumaa ya tope, wafanyakazi wakanuna, akawaacha wanune, na kwa miaka mitano hakuna gunia lililotoka.

Mwaka 2014 shimo lilikaribia kujaa, na mwaka huo huo akaletwa meneja mpya, mtu wa tai na tabasamu, ambaye alipoambiwa kwamba linahitajika shimo la pili aliuliza kwa nini tuchimbe shimo wakati watu wanalitaka tope. Na kweli walilitaka, maana lile tope lilipokauka lilikuwa jeupe na laini, likichanganywa na gundi kidogo lilipakika ukutani likang'aa kuliko chokaa ya dukani, na lilikuwa la bure. Meneja akairudisha Ijumaa ya tope, akaifungua na kwa majirani, akaiita zawadi ya ofisi kwa jamii, na wageni fulani walipotarajiwa alikiondoa kibao cha bati kwa maelezo kwamba neno sumu linatisha watu, kikaenda kuwa kifuniko cha pipa la dizeli uani, kimelazwa kifudifudi.

Haya ya kugawa tope na kuondoa kibao yalifanyika mwaka 2016, marehemu akiwa ametumwa mafunzoni mji mwingine kwa mwezi na nusu, safari ambayo yeye aliidhani kuwa ni heshima na ambayo sisi leo tunaifikiria vingine. Shemeji yetu alikuwa ameshastaafu, yuko nyumbani, amemkosa mkewe, na kwa miaka mingi alikuwa akiahidi kukitengeneza chumba chao cha kulala ambacho kuta zake zilikuwa zimechakaa, basi akapita kazini kwa wenzake wa zamani, akapewa magunia, akaambiwa meneja ameruhusu, na akafanya kazi ile kwa mikono yake, kuta nne na dari, laini, akamaliza siku moja kabla mkewe hajarudi na kuweka maua kwenye glasi dirishani. Alikuwa fundi wa pampu, si mtu wa maabara, na kibao hakikuwepo.

Dada yetu aliingia na mkoba bado mkononi, akatazama kuta, akaweka kiganja ukutani, akakiangalia. Alimuuliza mumewe, kwa sauti ya chini, "Hii umeitoa wapi?" Na shemeji yetu, bado anatabasamu, akamjibu, "Kwenu kazini. Kila mtu anabeba."

Wanaomjua walidhani angepiga kelele, hakupiga, alichukua kisu cha mezani akaanza kuukwangua ukuta ule pale pale, na nguo za safari mwilini, bila kufunika pua, bila maji, yule yule aliyewakataza watu kula karanga maabara, akakwangua kwa hasira mpaka chumba kikajaa vumbi jeupe na nywele zake zikawa nyeupe, na mumewe akamvuta mkono akamtoa nje. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote katika mji huu kwamba vumbi hilo halikwanguliwi likiwa kavu, lakini hasira ilimpita ujuzi, na alipopata pumzi jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Nimekosea. Ilibidi niloweshe kwanza." Tangu siku hiyo hadi mwisho wa maisha yake hakuna neno alilolirudia zaidi ya hilo, lowesha kwanza.

Kuna watu mtaani wamekuwa wakimnyooshea shemeji yetu kidole, wengine wamekaa katika mkusanyiko huu, na marehemu aliacha agizo juu ya hilo ambalo tunalisoma kama alivyolitamka kitandani, "Anayemlaumu mume wangu asije kuniaga." Mwenye kuguswa anajua geti liliko, na njiani atalikuta lile shada.

Kesho yake asubuhi marehemu alikwenda kazini akakuta nusu ya mtaa wa chini umepakwa, na kibaya kuliko vyote ni darasa la chekechea lililo ukuta kwa ukuta na chujio, ambalo ofisi ililipaka lote kama zawadi, meneja akapigwa picha ameshika brashi huku watoto wamezunguka wakipiga makofi. Mwalimu wa chekechea alimwambia kuwa watoto wanabandua yale magamba na kuyala, kwa kuwa watoto wa umri ule hula ukuta, na kwamba tumbo linawasumbua na wawili walioanza kusema vizuri wamerudi nyuma. Marehemu alipanda ngazi hadi ofisini kwa meneja. Meneja akamtuliza, akamweleza kuwa maji yanayotoka bombani ni safi na vipimo ni vyake mwenyewe, akamalizia, "Kazi yako ni maji, mama. Ya kuta tuachie sisi." Naye akamjibu, "Nimeitoa kwenye vikombe vyao, wewe umewapakia ukutani. Nipe watu na ndoo, leo."

Hakupewa watu wala ndoo. Darasa lilipakwa rangi ya mafuta juu ya ule upako, likatangazwa limeshughulikiwa, na mwaka uliofuata rangi ikaanza kubanduka, na kila alipoomba kulikwangua aliambiwa jengo ni mali ya ofisi na haruhusiwi kuligusa. Alipoandika juu zaidi, aliondolewa maabara akapelekwa stoo ya mita mbovu, na tarehe 31 Agosti 2017 akaitwa, akaambiwa amestaafu, miaka minne kabla ya umri wake. Huko ndiko kustaafu kwa hiari tulikoombwa tuwasomee leo. Hakuwa mgonjwa siku hiyo, alikuwa na hasira, na kama hasira ni ugonjwa basi familia nzima imelazwa.

Kuanzia hapo kazi yake ilikuwa ndoo, vitambaa, kikwangulio na barakoa, akipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa chini, akigonga, akieleza, akiloweshea watu kuta zao na kuzikwangua, na wengi walimkubali, ila wapo waliomfukuza, yupo mama mmoja aliyesema kwamba Mama Chokaa ana kijicho na nyumba yake nzuri, na mwaka uliofuata alikuja mwenyewe kubisha hodi hapa akiwa amemshika mtoto mkono, na marehemu hakumkumbusha, alichukua ndoo wakaondoka. Mumewe alikwenda naye kila siku kumbebea maji. Kilichokwanguliwa hakikuwa na mahali pa kwenda, shimo la zege lilikuwa limejaa na limefungwa, ofisi haikupokea, dampo lilikataa, na yeye hakukubali hata kijiko kimoja kirudi kwenye udongo, hivyo alikitia ndani ya mapipa ya bluu yenye mifuniko ya kukaza, akayapanga nyuma ya jiko lake mwenyewe, akitupigia hesabu ya mtaa mzima kwa kuyaangalia tu. Hayo ndiyo mliyokuwa mmewekea vikombe.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kuchoka na kuvimba miguu mwezi wa Februari 2020, akapelekwa hospitali, ikaonekana figo zake zimeharibika na damu yake ina risasi nyingi kupita kiasi, na daktari aliyemtibu, kijana mwungwana ambaye yupo nasi, alieleza kwa ukweli kwamba haiwezekani kusema ni ya siku ipi, kama ni ya miaka ya maabara, au ya chumba kile, au ya kuta za watu. Marehemu alimwambia asijisumbue kutafuta siku, amtafutie dawa. Alisafishwa damu kwa mashine kwa zaidi ya miaka mitatu, akilala kitandani anauliza maji ya mashine ile yanachujwa na nani na kwa kitu gani, mpaka wauguzi wakamleta fundi wa mashine aje ajibu mwenyewe, wakawa marafiki. Siku alizokuwa na nguvu alipelekwa na mwanawe hadi kwenye uzio wa chekechea, akakaa ndani ya gari, akatazama kuta, akarudi nyumbani.

Hilo ndilo lililobaki. Nyumba za mtaa wa chini zimekwisha, zote, hata ya yule mama. Chekechea haijaguswa, ina watoto wengine sasa, na wanabandua magamba yale yale.

Wiki yake ya mwisho aliwaita watoto wake, mumewe na mdogo wake huyu anayesoma, hatukulia mbele yake kwa sababu alikataza, akatuambia kwamba wakija watu kusema alipigana vita kubwa na akashinda, tuwaambie hakushinda, bado kuta nne. Alifariki dunia asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, katika hospitali ile ile, mume wake amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inatoa shukrani kwa daktari na wauguzi wa chumba cha mashine, waliomvumilia alipowakagua. Tunawashukuru majirani wa mtaa wa chini, waliofungua milango na hata waliochelewa kufungua. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa maabara, ambao baada ya yeye kuondolewa waliendelea kuweka chokaa kwa kipimo alichowafundisha, wakati mwingine kwa kujificha, na ndiyo maana maji mliyokunywa leo hapa msibani ni salama. Kwa meneja hatuna shukrani. Tumekuona uko mstari wa tatu, karibu, kaa, sikiliza tangazo la mwisho.

Marehemu hakutaka maua. Kesho asubuhi, shule ikiwa imefungwa na watoto wako majumbani, tunakutana kwenye darasa la chekechea, kila mtu na ndoo yake, kitambaa chake na cha kufunika pua, glovu zipo, watoto na wajawazito wabaki nyumbani. Ofisi itasema jengo ni lake, na ni kweli, lakini ufunguo anao mwalimu, na mwalimu ametuambia atausahau mlangoni. Kitakachotoka ukutani kitaingia kwenye mapipa na kukazwa mifuniko, na jioni kijana wake ataleta lori, tutayapakia hayo pamoja na haya yaliyo nyuma ya jiko, tutayapandisha kandokando ya kijito hadi kwenye lango la kiwanda, tuyashushe pale taratibu, bila kumwaga hata tone, tumkabidhi mwenyewe mali yake. Dada alitufundisha kwamba haiondoki, inahama tu. Basi ihamie kwake.

Wakati mwili unashushwa tutaomba kimya, na baada ya hapo kila mtu akapumzike mapema, kuna kazi.

Dada, pumzika kwa ile amani ambayo hukuwapa wao hata siku moja. Usiwe na wasiwasi na kuta zile. Tutalowesha kwanza.